Mafuta ya Harusi ya Mbeyu

Msambweni,
4 Februari 1967

Kwa mpwa wangu Mwanaima,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na baridi ya Nairobi haijakuzidi nguvu. Huku hatujambo, ila mkaza mjomba wako goti lamsumbua, na mimi meno. Mbeyu ni mzima kutupita sote. Posa imekamilika. Ataolewa na Menza wa Mwabungo, yule fundi wa baiskeli, siku chache baada ya Idi ya kuchinja. Tangu mama yako alipofariki nikawalea wewe na Mbeyu wangu katika mkeka mmoja, sijapata kumwona amefurahi hivi. Kila siku aniuliza kama dada yake atapewa ruhusa kazini, nami namwambia swali hilo alipeleke Nairobi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Mwaka huu ufuta haukuzaa. Kinu changu kimesimama, na wateja wangu wa uto wa ufuta waja na chupa zao tupu na kurudi nazo tupu. Nikaenda Mackinnon Road kwa Karisa, yule mfanyabiashara mwenye lori, akaniuzia mapipa mawili. Asema ni mafuta ya pamba, yametoka kiwandani. Rangi yake nzuri. Mkaza mjomba wako alikaangia papa, akasema hayana ladha wala harufu ya kitu chochote.

Lakini moyo wangu haujatulia. Watu wasema Mombasa kuna wanaokusanya mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mahotelini, wakayachuja, wakayang'arisha, wakayauza kama mapya. Mimi nimeuza mafuta tangu ujana wangu, na wanaonunua kwangu hawanusi wala hawaulizi. Sitaki kuwalisha takataka za watu. Wewe ndiyo kazi yako huko maabara, kupima vyakula. Nimempa Thoya, kijana wa reli, chupa moja akuletee. Nitazamie. Mapipa sitayauza mpaka uniambie.

Mkaza mjomba akusalimu sana. Nakuombea kheri.

Mjomba wako,
Kibwana


Nairobi,
3 Machi 1967

Kwa Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Na mkaza mjomba namwamkia pia, na kwa goti lake nampa pole. Mimi ni mzima wa afya, ila nimewakumbuka sana, hasa nikisikia habari za harusi.

Chupa niliipata salama. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Kazi za serikali zatangulia, na ya kwako ilinibidi niifanye saa ya chakula wenzangu walipotoka. Sasa nakueleza nilivyofanya ili uridhike. Mafuta yakichemshwa mara nyingi huchacha. Hata yakichujwa na kung'arishwa vipi, uchachu wake haufichiki. Sisi twayatia katika spiriti ya moto pamoja na tone la dawa, kisha twadondosha maji ya magadi, tone baada ya tone, mpaka yageuke rangi ya waridi. Mafuta mabovu hunywa matone mengi kabla ya kugeuka. Ya kwako, Mjomba, yaligeuka karibu papo hapo. Sikuamini, nikarudia. Ikawa vile vile. Mwaka huu mzima sijapima mafuta ya dukani yaliyo safi namna hii. Karisa hakukudanganya. Fungua mapipa yako, uza, na harusini watu wale washibe.

Ruhusa sikupata. Nililia kidogo, siku ya pili nikaenda kumnunulia Mbeyu doti ya kanga za zambarau. Thoya atazileta. Mwambie siku atakapozifunga nitamwona kwa macho ya moyo. Nitakuja mwakani inshallah, nimkute na mtoto mgongoni.

Mwanao,
Mwanaima


Msambweni,
30 Aprili 1967

Kwa Mwanaima,

Assalaam alaikum. Natumai wewe ni mzima. Huku hatuko vizuri, na nimekaa muda bila kukuandikia kwa kuwa sikujua nianzie wapi.

Harusi ilipita vyema. Watu walikuja hata kutoka Funzi. Pilau, mahamri, samaki, vyote vilipikwa kwa mafuta ya pipa. Mimi sikula ila wali mkavu kidogo, maana mwenye harusi hakai chini. Kesho yake matumbo yaliwaendesha watu wengi. Tukasema ni wingi wa nyama, na yakapita.

Baada ya majuma mawili Mbeyu akaanza kulalamika kwamba vigimbi vyamwaka kama vimepakwa pilipili. Kisha siku moja Menza akamwona atoka kisimani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Akamuuliza kandambili nyingine iko wapi. Mbeyu akatazama chini. Hakuwa amejua kwamba imemtoka. Sasa nyayo zote mbili zimelegea. Akiinua mguu, vidole vyaburura mchanga. Na si yeye peke yake. Yuko shemeji yake, wako watu wa Mwabungo waliokuja kula, na hapa Msambweni yuko Mama Mwinga, yule akaangaye viazi na samaki sokoni, ambaye hununua mafuta kwangu. Yeye ni miguu na mikono. Viazi vyamponyoka akivimenya.

Tuliwapeleka hospitali. Daktari aliuliza walikula nini harusini, akaandika kila kitu. Alipofika kwenye mafuta nikamwambia, "Hayo yamepimwa Nairobi, maabara, na mpwa wangu mwenyewe." Akasema kama ni hivyo hayamo, akayapiga mstari. Sasa afikiri ni homa ya mishipa, mfano wa polio.

Mwabungo wana maneno mengine. Jirani yake Menza ni mjane mmoja kutoka bara, upande wa Kinango, aitwa Rispah. Ni Mkristo, auza dawa za mizizi. Siku Mbeyu alipoingia kwa mumewe, mama yule alimwambia, "Hapa miguu yako itapumzika, mwanangu, kisima kiko mlangoni." Waliosikia wamelishika neno hilo. Wasema ndipo alipomfunga miguu kwa uchawi. Mimi sijui niamini nini. Nimekwenda kwa Menza mara mbili, na mara zote mbili nilipita mlangoni kwa mama yule bila kumsalimu.

Biashara haina neno. Pipa la pili nimelifungua juzi. Mwombee dada yako.

Mjomba wako,
Kibwana


Nairobi,
9 Mei 1967

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu nyingine uniwie radhi, nina haraka.

Leo asubuhi nimekupelekea telegramu. Barua hii ndiyo inayokueleza sababu. Usiuze tena hata kibaba. Aliyenunua mwambie asiyatie jikoni. Usiyamwage, maana ushahidi wahitajika. Nenda kwa daktari yule, umwambie ayarudishe mafuta kwenye maandishi yake.

Barua yako niliisoma jana kazini. Chupa uliyoniletea ilikuwa ingali kabatini, imebaki kama robo. Nikaitoa, nikaifanyia kipimo ambacho mwezi wa tatu sikukifanya. Mafuta ya kula, Mjomba, yawe ya nazi, ya ufuta au ya pamba, ukiyachemsha na magadi makali hugeuka sabuni, na ukiongeza maji huyeyuka, yakabaki maangavu. Mafuta ya mitambo hayawi sabuni hata uyachemshe kutwa. Nilipotia maji katika ya kwako yakawa meupe kama tui la pili. Nikaosha vyombo, nikarudia. Yakawa tui tena.

Uliniuliza kama yamekaangiwa, nami nikapima hilo tu. Sikupima kama ni chakula. Na mafuta ya mitambo hayachachi, ndiyo maana yaligeuka waridi upesi vile. Ule usafi niliousifu ndio uliokuwa ubaya wenyewe. Kipimo cha pili hakichukui hata saa moja. Spiriti ilikuwepo na magadi yalikuwepo. Nilifurahi mapema, basi, nikashika kalamu nikuandikie.

Kwenye telegramu sikulitaja neno la sumu. Msambweni ni ndogo, na karani wa posta ana mdomo. Sikutaka jina lako litembee kabla hujajua wewe mwenyewe.

Mwambie Mbeyu. La, usimwambie bado. Sijui.

Mwanao,
Mwanaima


Msambweni,
2 Juni 1967

Kwa Mwanaima,

Assalaam alaikum. Barua yako imefika, na mambo yamekwisha kuwa.

Telegramu niliipata Alhamisi. Yasema: "Funga mapipa. Usiuze. Barua yaja." Nikayafunga saa ile ile. Lakini haikusema kwa nini. Nikadhani labda kuna ushuru mpya, labda Karisa aliyaiba. Ijumaa baada ya swala vijana wa Mwabungo wakaenda kwa Rispah. Walimtoa nje na sanduku lake na kuku wake, wakaivunja nyumba, ukuta baada ya ukuta, mchana kweupe. Menza alijaribu kuwazuia wakamsukuma. Mama yule, wanieleza, hakupiga kelele. Alikaa juu ya sanduku mpaka lori la mkaa likapita, akapanda. Barua yako ikaja Jumanne.

Sikulaumu kwa telegramu. Ulikuwa ukinisitiri. Nami ningekuwa wewe, labda ningeandika vile vile.

Siku ile ile nilikwenda kwa chifu, kisha hospitali. Ijumaa iliyofuata nilimwomba imamu aniachie niseme. Nikasimama mbele ya watu wanaonijua tangu utoto. Nikawaambia, "Si uchawi. Ni mafuta, na niliyeyauza ni mimi." Mtu mmoja ambaye mkewe haamki kitandani alitoka nje, akaniachia nafasi kubwa ya kupita kama nina ukoma. Afisa wa afya amekuja kutia muhuri mapipa na kuchukua chupa za kupelekwa huko kwenu. Karisa amekamatwa. Amekiri kwamba aliyaongeza mafuta ya pamba kwa mafuta ya mitambo aliyoyanunua mnadani, na aapa kuwa hakujua yana madhara, aliona mafuta ni mafuta.

Sasa nisikilize. Daktari alikuja juu. Aliuliza mbona nilimwambia yamepimwa. Walioanza kuumwa mwezi wa tano, alisema, wasingeumwa kama asingeyapiga mstari. Nikamjibu kwamba nilisema uwongo. Nilimwambia sikupima popote, nilitaja Nairobi ili nisiharibu biashara yangu. Ameandika hivyo. Nawe liache hivyo hivyo. Mimi ni mzee, kinu kimeshakufa, na jina langu limeshakwenda. Wewe una kazi, na katika nyumba hii hakuna mwingine aliyefika hapo. Usimwambie mtu. Hili si ombi.

Mbeyu ajua ni mafuta. Kuhusu kipimo hajui.

Mjomba wako,
Kibwana


Nairobi,
20 Juni 1967

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikijua utakachokisoma kitakuudhi.

Chupa za afisa wa afya zilifika, zikaletwa kwenye meza niliyokaa mimi. Nilimwambia mkubwa wangu sistahili kuzipima, awape wengine. Akauliza kwa nini, na nikamweleza. Nilimweleza habari ya mwezi wa tatu, kipimo nilichokifanya na nilichokiacha, na barua niliyokuandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniagiza niyaandike yote na kutia sahihi. Nimetia. Nimemwandikia daktari wenu pia.

Najua ulinikataza. Lakini, Mjomba, daktari yule angebaki akiamini kwamba mwenye duka alimdanganya na kwamba mafuta yakipimwa basi yamepimwa. Kesho angeletewa chupa nyingine na mtu mwingine kama mimi, aliyepima jambo moja akasema yote ni mazuri, naye angepiga mstari tena. Na mimi siwezi kuja kumtazama Mbeyu usoni nikiwa nimejificha nyuma ya uwongo wako.

Wenzangu wameyapima kikamilifu. Ndani yake mna dawa itiwayo mafuta ya mitambo ili yastahimili joto. Dawa hiyo huua mishipa ya miguu na mikono, taratibu, ndiyo maana maumivu yalikuja baada ya majuma mawili. Vitabu vyasema wengine hupata nafuu baada ya mwaka au miaka. Havisemi wote.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazitupa. Hapa naliacha.

Mwanao,
Mwanaima


Nairobi,
15 Septemba 1967

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mwezi wa sita, na sijapata jibu. Thoya asema u mzima, ila akikutajia jina langu wanyamaza.

Mimi ni mzima. Nimeondolewa mezani, nimewekwa stoo, naosha na kupanga vyombo. Sisemi ili unihurumie. Tangazo limebandikwa ukutani kwamba mafuta yoyote yatakayoletwa hayatolewi neno mpaka yafanyiwe vipimo vyote viwili. Wanaoanza kazi hawajui lilitoka wapi.

Nambie tu Mbeyu yu hali gani. Kama hutaki kuniandikia mimi, liandike jina lake na neno moja mbele yake, nitaelewa.

Mwanao,
Mwanaima


Msambweni,
7 Januari 1968

Kwa mpwa wangu Mwanaima,

Assalaam alaikum. Idi imepita na mimi sijakuandikia, na mkaza mjomba wako amekataa kuzungumza nami mpaka nifanye hivi. Yeye ni mzima. Mimi pia ni mzima, jambo ambalo lanitia haya kila ninapopita sokoni. Niliyeuza ndiye nitembeaye wima.

Nilikukasirikia. Nilikuwa nimejitwika uwongo ule na nilishauzoea uzito wake. Nilisema kila kitu kimeharibika, kimebaki kimoja, Mwanaima ni msafi kule Nairobi. Ukaniondolea na hicho, bila kuniuliza. Daktari alikuja mwenyewe mpaka dukani na barua yako mkononi. "Mzee Kibwana," akasema, "kumbe hukunidanganya." Nikamwambia afadhali ningekuwa nimemdanganya. Akakaa kwenye gunia. Kisha akasema na yeye angeweza kuchukua chupa ya pili aipeleke kupimwa, na hakuichukua.

Mbeyu ameambiwa yote. Nilimwambia mimi. Alilia usiku kucha na asubuhi akakuulizia kama wala vizuri. Miguu yake haijarudi. Menza hakumrudisha kwetu kama watu walivyotabiri. Amemtengenezea vyuma kutokana na baiskeli kuukuu, vyashika nyayo zisianguke, na kwa vyuma hivyo na fimbo afika kisimani na kurudi. Ndoo hubeba mumewe. Mikono yake ni mizima, asuka mikeka. Mama Mwinga hakaangi tena. Wako waliopata nafuu, na wako watatu ambao daktari hazungumzii nafuu.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kumtafuta Rispah. Nilisikia yuko kwa kaka yake, mahali paitwapo Mwero, mbele ya Mackinnon Road, mwendo wa kutwa kutoka barabarani. Nilimkuta achambua kunde. Alinijua. Alinipa maji ya kunywa, akanisogezea kigoda, na hakusema karibu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia tuko tayari kumjengea nyumba Mwabungo, mimi na Menza, na wale vijana watakanda udongo kwa mikono yao. Akasema hatarudi. Alilisema kwa upole, kama mtu akataaye chai.

Kisha akauliza, "Ni nani aliyegundua kuwa ni mafuta?"

Nikamjibu ni mpwa wangu.

"Yule aliyesema kwanza kuwa ni mazuri?"

Nikasema ndiye huyo huyo.

Akaendelea na kunde zake kitambo. Akasema, "Mwambie aje anieleze mwenyewe. Wewe umeniomba radhi ya nyumba, nimesikia. Lakini mafuta yalipelekwa Nairobi yakapimwa mara mbili, na baadaye yakapimwa tena. Mimi nilikuwa pale pale mlangoni, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza nilimwambia nini yule binti, wala kwa nini."

Asema kweli, Mwanaima. Mimi ndiye niliyepita mlangoni kwake mara mbili.

Omba likizo, hata ya siku chache. Shuka stesheni ya Mackinnon Road, nitakuwa nimekuja kukungoja. Tutakwenda kwa mguu, na maji tutabeba. Hodi nitabisha mimi, kwa kuwa ni mkubwa. Kusema utasema wewe. Kisha tutateremka pamoja pwani, kwa Mbeyu.

Mjomba wako,
Kibwana